Jino la Mama Mdogo

Siku mama mdogo alipotolewa uvimbe tumboni, habari zilifika mtaani kabla yake. Sisi tulikuwa bado tumekaa nje kwenye benchi la mbao, mimi, mama na bibi, tunasubiri kuambiwa kama kazinduka, kumbe Magomeni wameshajua. Eti kakutwa na nywele. Eti na jino! Nani aliyeitoa siri ile mpaka leo sijui, na hata ningejua nisingemtaja hapa. Mwaka ulikuwa 2012, mimi niko kidato cha pili. Jioni tukarudi kwa daladala, bibi kanishika mkono kama mtoto mdogo, na tulipopita pale kwenye kibaraza cha jirani, akina mama waliokuwa wakisukana walinyamaza wote kwa mpigo. Ukimya ule, msomaji, ndio ulionifanya nianze kusoma mambo ambayo kijana wa kiume hategemewi kuyasoma.

Kwanza nikueleze mama mdogo ni mtu gani. Ni fundi cherehani, mwenye maneno machache na mkasi mkali. Wakati ule alikuwa na miaka thelathini na moja na hajaolewa. Tumbo lilipoanza kujaa watu wakahesabu miezi. Wakafika tisa, tumbo lipo. Wakafika kumi na mbili, lipo na linaongezeka. Hapo ndipo maneno yakabadili njia. Kama si mimba ya mtu, ni mimba ya nani? Uswahilini jibu la swali hilo liko tayari siku zote: jini mahaba. Anamjia mwanamke usiku, anamtaka kama mume anavyomtaka mkewe, na wachumba wa kweli anawafukuza mmoja mmoja. Sasa na jino limepatikana. Ushahidi gani tena unautaka wewe?

Mimi siwacheki waliosema hivyo. Bibi yangu mwenyewe aliamini, na bibi hakuwa mjinga. Aliwahi kunifundisha hesabu za kugawanya kwa kutumia kete za bao. Tena nilipokuja kukua na kupata vitabu, nikagundua jambo lililonichekesha na kunisikitisha pamoja. Swali la pale kibarazani lilikuwa limeshaulizwa huko Ulaya, na watu waliovaa majoho, kwa Kilatini, na majibu yao kwa muda mrefu hayakuwa mbali na yale ya Magomeni.

Uvimbe wenyewe ulikuwa wa namna mbili katika fuko moja. Hilo ndilo la kushika tangu mwanzo, maana kisa chote kinalizunguka. Ulitoka kwenye ovari, kile kifuko cha mayai ya mwanamke ambacho kikiwa kizima hakizidi sana ukubwa wa lozi. Wa kwake ulikuwa kama tikiti maji. Ulipopasuliwa, chumba kimoja kilikuwa na mafuta mazito kama samli iliyoganda, nywele na lile jino. Vyumba vingine vyote, vikubwa kwa vidogo, vilijaa ute. "Kama mlenda," mama aliniambia, na kwa muda mrefu sikula mlenda.

Tuanze na nywele. Katika karne ya 17 mpasuaji wa mji wa Ulm, Ujerumani, Johannes Scultetus, aliandika habari za uvimbe wa namna hii uliokutwa ndani ya maiti ya mwanamke, na akauhesabu kuwa ni ugonjwa wa ajabu wa nywele. Wengine hawakuishia kwenye ajabu. Zilikuwapo hadithi za mwanamke aliyelala na shetani, hadithi za uchawi, na hadithi za adhabu ya Mungu kwa mwanamke mwenye tamaa. Madaktari walioona aibu kumtaja shetani walikuwa na jibu la heshima kidogo: hii ni mimba, ila imekwama njiani, haikufika kwenye mji wa mimba, mtoto kaoza vikabaki nywele na meno. Ni jibu la kisomi, sikatai. Lakini hebu lisikilize vizuri. Kama mwenye uvimbe ni msichana ambaye hajaolewa, jibu hilo linamwambia mama yake nini? Linamwambia kwamba binti alikuwa na mwanamume na sasa anaficha. Shetani kaondolewa, hukumu imebaki pale pale.

Mtu wa kwanza niliyemkuta akisimama upande wa msichana, na kusimama kwa hoja, ni Matthew Baillie wa London. Mjomba wake alikuwa William Hunter, mwalimu mashuhuri wa kupasua maiti, na Baillie alirithi chuo chake. Mwaka 1789 alichapisha taarifa katika jarida la Royal Society kuhusu maiti ya msichana wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu. Ndani ya ovari yake mlikuwa na mafuta, nywele na meno. Baillie akafanya jambo la kawaida kabisa ambalo wengi hawakujisumbua kulifanya: akatazama sehemu nyingine za mwili. Kizinda kilikuwa kizima. Mji wa mimba ulikuwa mdogo, wa kitoto, haujakomaa. Basi akauliza, mimba ingeingia wapi na ingetoka wapi? Akahitimisha kwamba ovari inaweza kuotesha nywele na meno yenyewe, bila mwanamume.

Jina la msichana yule halimo katika taarifa. Alikuwa maiti mezani, na maiti za mezani London ya zamani zile hazikuwa za matajiri.

Sasa tuhamie kwenye mlenda. Huku historia ni ya mikono zaidi kuliko ya hoja, maana ute hauleti kashfa kama jino, unaleta uzito tu. Uvimbe wa ute ndio unaofikia ukubwa wa kutisha kuliko karibu vyote vya ovari. Kule Scotland, mwaka 1701, mama mmoja wa miaka 58 aitwaye Margaret Millar alikuwa amelemewa na tumbo kiasi kwamba kupumua ni shida. Akamwomba daktari Robert Houstoun amsaidie hata kama ni kwa kufa. Houstoun akapasua kidogo, hakikutoka kitu. Akaongeza, bado. Tundu limezibwa na kitu kinachonata. Daktari huyu hakuwa na chombo cha kazi hiyo, basi akachukua kibanzi imara cha mti, akakizungushia nyuzi laini za kitani, akakiingiza kwenye jeraha, akaanza kusokota na kuvuta. Kikafuatana ute mzito kama gundi, zaidi ya yadi mbili kwa urefu! Halafu nyuma yake yakamwagika mengine, lita nane au zaidi. Akamshona. Mama yule akaishi miaka kumi na mitatu mingine, akafariki 1714. Taarifa ilichapishwa mwaka 1724, na ukiisoma unaona kabisa kwamba mwandishi mwenyewe alikuwa bado anashangaa.

Houstoun hakuling'oa fuko zima. Aliyeling'oa na mgonjwa akapona ni Ephraim McDowell, na hapa niruhusu nikae kidogo, kwa sababu kisa hiki nimekisoma mara nyingi na kila mara kinanishika mahali tofauti.

Desemba 1809, jimbo la Kentucky, Marekani. Bibi Jane Todd Crawford, mwenye miaka kama 45 na watoto tayari, ana tumbo kubwa. Madaktari waliomwona wanasema ni mimba, tena imepitiliza miezi. (Unaona? Kuhesabu miezi hakukuanzia Magomeni.) Wanamwita McDowell kutoka mji wa Danville aje kuzalisha. McDowell anafika, anampima, anakuta mji wa mimba ni mtupu. Anamwambia ukweli: huu ni uvimbe, sijasikia mtu aliyetolewa uvimbe kama huu akapona, lakini kama uko tayari kwa lolote, njoo kwangu Danville nijaribu. Danville ilikuwa maili sitini, yaani karibu kilomita mia. Bibi Crawford akapanda farasi. Uvimbe akauegemeza kwenye pembe ya mbele ya tandiko. Siku za baridi kali zile, siku kadhaa njiani.

Hapakuwa na nusukaputi. Etha ilionyeshwa hadharani Boston mwaka 1846, na mama huyu alikuwa ameshafariki miaka minne kabla. Hapakuwa na habari za vijidudu wala za kuchemsha vyombo. Kulikuwa na meza, kisu, na zaburi alizokuwa akizitamka mgonjwa mwenyewe wakati anapasuliwa. McDowell akakata upande wa kushoto, mkato wa inchi tisa. Utumbo ukamwagika mezani na hakuweza kuurudisha mpaka kazi iishe, kwa sababu uvimbe ulijaza nafasi yote. Akaupasua uvimbe kwanza, zikatoka ratili 15 za kitu kichafu cha kama jeli, karibu kilo saba. Halafu akalitoa fuko lenyewe, ratili saba na nusu. Dakika 25 zote kwa zote. Siku ya tano alipokwenda kumtazama alimkuta kasimama, anatandika kitanda chake. Siku ya 25 akapanda farasi akarudi kwao. Akaishi miaka 32 zaidi, akafariki 1842 akiwa na miaka 78.

Husimuliwa kwamba ilikuwa siku ya Krismasi, na kwamba watu walikusanyika nje na kamba, tayari kumnyonga daktari endapo mgonjwa angekufa. Hilo la kamba liache kama lilivyo, ni hadithi inayonoga. Lile jeli ndilo la kutuhusu. Wengi wanaosoma taarifa ile leo wanasema ulikuwa uvimbe wa ute, ndugu wa ule wa mama mdogo.

McDowell alichapisha taarifa mwaka 1817 katika jarida la Philadelphia, akiwa na visa vitatu. Kisa cha kwanza kina jina, Bibi Crawford. Cha pili na cha tatu walikuwa wanawake Weusi. Kentucky ilikuwa nchi ya utumwa. Wale wawili wameandikwa rangi yao, basi. Hatuambiwi kama waliimba zaburi, wala kama waliulizwa wako tayari. Bibi Crawford leo ana njia yenye jina lake Kentucky, na sina kinyongo naye, aliistahili kwa zile kilomita mia. Lakini mimi mtoto wa Magomeni nikiisoma taarifa ile jicho langu haliendi kwenye kisa cha kwanza. Linakwenda kwenye cha pili na cha tatu, linatafuta jina, halioni.

London hawakumwamini daktari wa porini. James Johnson, mhariri wa jarida la tiba, alimbeza waziwazi, kisha miaka michache baadaye, ushahidi ulipozidi, akaomba radhi kwa Mungu na kwa McDowell kwa maandishi. Wahariri wa aina hiyo siku hizi ni adimu, nasema hivyo kwa heshima zote kwa mhariri wa jarida hili.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Etha, halafu dawa za kuua vijidudu za Lister mwaka 1867, halafu tumbo likawa linapasuliwa kila siku. Madaktari wakaanza kupata uvimbe mwingi wa kutazama, wakautia chini ya darubini, na wenye darubini hupenda kutoa majina. Mwaka 1863 Rudolf Virchow wa Berlin alitoa jina la teratoma, jina linalobebwa na ule uvimbe wa nywele na meno. Neno limetokana na Kigiriki. Teras ni zimwi. Nilipoisoma maana hiyo nilikifunga kitabu, nikatoka nje. Mwanasayansi mkubwa vile, mpinzani wa ushirikina, kaingia maktaba nzima na kutoka na neno lile lile walilokuwa nalo akina mama wa kibarazani: zimwi! Na ndilo lililoandikwa kwenye karatasi ya majibu ya mama mdogo, karne moja na nusu baadaye.

Karatasi ile niliishika mikononi. Ilikuwa kwa Kiingereza na mimi ndiye niliyeitwa "msomi" wa nyumba, mwanafunzi wa kidato cha pili na kamusi yake iliyochanika. Neno teratoma sikulipata kwenye kamusi. La ute nililipata. Daktari alipotuita akasema nywele na jino visitutie hofu, teratoma iliyokomaa ni uvimbe wa kawaida kwa wanawake vijana, na mara chache sana, kama visa viwili katika mia, ndipo hugeuka saratani. Kilichomsumbua yeye ni mlenda. Alisema chembe za ute ule hazifanani na za ovari, zinafanana na za utumbo. Inawezekana, akasema, kwamba chanzo kiko kwingine, kwenye utumbo mpana au kidole tumbo, na huku kwenye ovari umefika tu. Maana yake mama mdogo aliielewa kabla yetu. Kitu kilichosafiri kutoka utumboni hadi kwenye ovari kina jina moja tu mtaani, na halina dawa.

Wiki tatu tulisubiri karatasi isomwe tena na mtu mwingine. Mtaani wanasubiri waone jini atafanya nini, sisi ndani tunasubiri jambo baya zaidi ya jini.

Daktari yule hakuwa amekosea kuogopa. Hofu yake ilikuwa na historia ndefu, nami niliijua baadaye sana, kwa msaada wa rafiki yangu anayesomea udaktari ambaye alinivumilia kwa maswali na chipsi mayai. Mwaka 1884 Mjerumani Werth alieleza ugonjwa ambao tumbo zima hujaa ute, ute umetapakaa kila mahali kama mtu kamwaga sufuria la mlenda, na akauhusisha na uvimbe wa ovari uliopasuka. Mwaka 1901 Fränkel akaonyesha hali hiyo hiyo kwa mgonjwa mwenye kifuko cha ute kwenye kidole tumbo. Hata hivyo kwa muda mrefu, mgonjwa akiwa mwanamke, ovari ndiyo iliyobeba lawama. Tumbo limejaa ute? Tazama ovari. Imevimba? Basi, kesi imekwisha.

Mnamo 1991 Robert Young, Blake Gilks na Robert Scully walichapisha kazi iliyowatazama wanawake wenye uvimbe wa ute kwenye ovari na kwenye kidole tumbo kwa wakati mmoja. Wakaona vimefanana mno. Kidogo kidogo, katika miaka ya tisini, wengine wakiwemo Brigitte Ronnett na wenzake wakaongeza ushahidi, na kesi ikageuzwa: mara nyingi mwanzo ni kidole tumbo. Kinajaa, kinapasuka, kinamwaga chembe zake, na ovari inapokea. Ovari ilikuwa imeshtakiwa miaka mia kwa kosa la jirani. Nawaza mara nyingine kuhusu McDowell mwenyewe. Alifariki mwaka 1830, na wengi wanaoandika habari zake hudhani kilichomuua ni kidole tumbo. Alikuwa akitafuta chumba kimoja kando.

Basi kanuni mpya ikawa hii: ukikuta kwenye ovari ute wenye sura ya utumbo, usiiamini ovari. Tafuta kwingine kwanza. Ni kanuni nzuri, imeokoa watu. Ila kwa mtu kama mama mdogo ilikuwa karibu imhukumu, kama isingekuwa nywele.

Na hapa ndipo nilipotaka kukufikisha tangu mwanzo wa makala haya.

Teratoma ni nini hasa? Mayai ya mwanamke yamo ndani yake tangu yeye mwenyewe yumo tumboni mwa mama yake. Kila chembe ya mwili ina nakala mbili za maandishi ya urithi, moja ya mama na moja ya baba. Yai hupunguza, libaki na nakala moja, lingoje nyingine kutoka kwa mwanamume. Sasa hutokea yai moja ambalo halingoji. Nakala yake ile moja imeshajipiga fotokopi, nalo likaridhika na hiyo, likaanza kujigawa lenyewe. Haliwezi kuwa mtoto, halina ramani ya kupanga mwili. Lakini lina maelekezo ya kutengeneza kila kitu, basi linatengeneza ovyo: ngozi hapa, nywele pale, jino, mafuta, gegedu kama la bomba la pumzi. Mwaka 1975 Linder na wenzake wawili, huko Marekani, walilithibitisha hili kwa kutazama kromosomu. Mahali ambapo mwanamke mwenyewe ana alama mbili tofauti karibu na kiuno cha kromosomu, moja ya baba yake na moja ya mama yake, uvimbe katika visa vingi ulikuwa na alama ya namna moja tu, mara mbili. Mwanamume angehusika, alama yake ingeonekana. Haikuwapo. Baillie alikuwa amesema kweli miaka 186 kabla, akiwa na kisu na macho tu.

Na kama teratoma inaweza kuotesha jino, inashindwaje kuotesha kipande cha utumbo? Haishindwi. Kipande hicho kinatoa ute, kama utumbo wowote unavyotoa, na mara chache kinaanza kukua kupita kiasi, kinakuwa uvimbe juu ya uvimbe, vyumba kwa vyumba vya mlenda. Mwaka 2003 Ronnett na Seidman waliandika juu ya uvimbe wa ute uliozaliwa ndani ya teratoma, na mwaka 2007 Russell Vang na wenzake wakaufuatilia kwa rangi maalumu zinazoonyesha protini za chembe. Ute wa ovari wa kawaida hushika rangi ya keratini namba 7. Ule wa utumbo mpana hushika namba 20, na mara nyingi 7 inaukataa. Wakakuta kwamba baadhi ya uvimbe uliokaa pamoja na teratoma unashika kama utumbo kabisa, ingawa kwenye utumbo wa mgonjwa hamna kitu. Baadaye wachunguzi wengine wakalinganisha vinasaba vya ute na vya teratoma iliyo kando yake, na katika visa kadhaa vikalandana: mwandiko ule ule, ukurasa mmoja mara mbili. Ute ulikuwa mtoto wa lile yai lisilongoja. Haukusafiri kutoka popote.

Kwa hiyo daktari wa darubini akikuta ute wenye sura ya utumbo kwenye ovari, hutafuta kitu kando yake. Hutafuta unywele, ngozi, jino. Akikuta, anajua kwamba utumbo huu huenda umezaliwa hapa hapa. Bado atataka utumbo halisi na kidole tumbo vitazamwe, maana teratoma na saratani vinaweza kukutana kwa mtu mmoja kwa bahati mbaya. Lakini mizani imeshaelemea upande mwingine.

Ndivyo ilivyokuwa. Mama mdogo alipitishwa mpira wenye kamera, utumbo ukakutwa safi. Kidole tumbo kilikuwa kimetolewa siku ile ile ya upasuaji, kikapimwa, kizima. Msomaji wa pili wa karatasi akaandika kwamba uvimbe wa ute haukuwa saratani, na kwamba inaelekea umetokana na teratoma. Zile nywele ambazo mtaani zilikuwa ushahidi kwamba kazaa na jini, kule chini ya darubini ndizo zilizomtolea ushahidi.

Mtaani hatukurudi kuwaeleza. Utaanzia wapi? Bibi alifariki mwaka 2016 akiwa bado na mawazo yake, ila baada ya ile karatasi ya pili hakumtaja jini tena mbele ya mama mdogo, na nadhani ilimgharimu. Mama mdogo anashona mpaka leo. Anarudi kupimwa kila mwaka, anavaa lile gauni la buluu la kwendea hospitali, anarudi na machungwa.

Nilipomaliza kuandika nilikwenda kumsomea, kwa sababu tumbo ni lake. Alikuwa anatia pindo kwenye sare ya shule. Alisikiliza mpaka mwisho, hakusimamisha mashine ila pale kwenye wanawake wawili wa Kentucky.

"Majina hawakuandika kabisa?"

"Hawakuandika, mama mdogo."

Akakata uzi kwa meno. Kisha akaniuliza jambo ambalo miaka yote hiyo hakuwahi kumwuliza mtu.

"Na lile jino langu walilipeleka wapi?"

Nikamwambia nilivyoelezwa na rafiki yangu: vipande vilivyopimwa hugandishwa ndani ya nta, vigae vidogo vidogo vya ukubwa wa kidonge cha sukari, vikapewa namba na kuwekwa kwenye makabati, na vinaweza kukaa miaka mingi. Jino lenyewe huenda walilitupa, huenda lipo.

"Namba," akasema. "Basi angalau wameandika kitu." Akauliza kama namba ile ipo kwenye karatasi yake. Tukaitoa karatasi kwenye sanduku la vitambaa, tukaitafuta pamoja. Ipo, juu, upande wa kulia.